Dawa haiishii kwenye sindano: vidokezo kwa muuguzi wa zamu

Daktari huandika, mfamasia hutoa, na mkono wa mwisho kabla dawa haijaingia mwilini ni wa muuguzi. Hilo tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza chuoni. Jambo tusilolisema vya kutosha ni kwamba muuguzi huyo huyo ndiye wa kwanza kuona dawa imefanya nini. Daktari amepita asubuhi, atapita tena kesho, na saa zote za katikati mgonjwa yuko nawe. Kwa hiyo kutoa dawa ni kazi yenye vipande vitatu: kuangalia kabla, kutoa, kisha kurudi kuangalia. Zamu ikizidiwa, wagonjwa arobaini kwa manesi wawili, kipande cha tatu ndicho kinachoachwa kwanza, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka.

Vidokezo hivi ni vya nesi wa wodini, wa kituo cha afya na wa zahanati. Dozi nilizozitaja ni zile za miongozo ya kawaida. Mwongozo wa matibabu uliopo kazini kwako na karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa ndivyo vya kufuata.

1. Mtazame mgonjwa kabla hujafungua faili

Faili lina habari za jana. Simama kando ya kitanda nusu dakika bila kushika kitu. Anapumuaje? Midomo ina rangi gani? Anakufuata kwa macho au anaangalia dari? Uji wa asubuhi umeguswa? Kisha msalimie. Wagonjwa wetu, hasa wazee, wataitikia salamu kwa adabu hata wakiwa na maumivu makali, kwa hiyo usiishie hapo: "Babu, usiku ulipata usingizi? Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?"

Halafu hesabu pumzi kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Hiki ndicho kipimo kinachoandikwa kwa mazoea kuliko vyote. Pitia chati za wodi yoyote na utakuta kila mgonjwa anapumua mara 20. Kichanga wa chini ya miezi miwili anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika anapumua haraka mno. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja kikomo ni 50, na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Mtu mzima aliyekuwa akipumua mara 16 alfajiri na sasa anapumua mara 26 yuko hatarini hata kama presha yake bado inapendeza, maana mwili hujitetea kwa pumzi na mapigo ya moyo kwanza, presha huanguka baadaye.

Na ile hisia ya "huyu bibi leo simwelewi" usiipuuze. Mwaka 1984 Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alichapisha kitabu kinachoeleza ngazi tano za kukua kwa muuguzi, kuanzia mwanagenzi hadi mbobezi. Mbobezi, kwa maelezo yake, huiona hali nzima ya mgonjwa kabla hajaweza kuitaja kwa maneno. Hisia hiyo imejengwa na wagonjwa wengi uliowahi kuwahudumia. Ikikujia, ifanyie kazi papo hapo: joto, mapigo, pumzi, presha, oksijeni, sukari, mkojo. Ndani ya dakika kumi utakuwa na jambo la kumwambia daktari.

2. Jina alitaje mwenyewe

Usiulize, "Wewe ndiye Fatuma Juma?" Mgonjwa mwenye homa, au mama anayekuheshimu kwa sare yako, atasema ndiyo kwa jina lolote. Uliza, "Jina lako kamili nani, mama?" kisha linganisha na chati. Wodi moja huweza kuwa na akina Fatuma Juma wawili na akina John Joseph watatu, kwa hiyo ongeza umri au mahali anapotoka. Namba ya kitanda haitoshi, kwa sababu wagonjwa huhamishwa usiku, na kuna wodi ambazo kitanda kimoja kinalaliwa na wawili.

Kwa mtoto, muulize aliyempakata. Kwa asiyejitambua, muulize ndugu na utazame utepe wa mkononi kama upo.

3. Kila dawa na maswali yake matatu

Huwezi kukariri kitabu chote cha dawa. Unaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kila sindano: Inakwenda kufanya nini? Nikiona nini nisiitoe? Nirudi baada ya muda gani, kuangalia nini? Ukikosa jibu la mojawapo, soma au uliza kabla hujaivuta kwenye bomba.

Mfano bora ninaoujua ni magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Ni dawa iliyookoa wengi. Utafiti wa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 baada ya kushirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba kwa wajawazito wenye presha ya mimba inapunguza uwezekano wa kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kwanza inayofahamika zaidi kwetu ni gramu 4 kupitia mshipa, polepole, zikifuatwa na gramu 5 kwenye kila tako pamoja na mililita moja ya lignokeini ya asilimia 2 ili kupunguza maumivu. Baada ya hapo ni gramu 5 kila saa nne, ukibadilisha tako.

Hesabu ya zile gramu 4 ndiyo inayowasumbua wengi. Ampuli ya asilimia 50 yenye mililita 10 ina gramu 5. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Zichanganye na mililita 12 za maji ya sindano na utapata mililita 20 za asilimia 20. Ile ya asilimia 50 haipiti kwenye mshipa bila kuchanganywa.

Sasa swali la pili. Kila saa nne, kabla ya gramu 5 zinazofuata, mambo matatu yawe sawa: anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na ametoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu ndiyo itakayokukumbusha usiku ukiwa umechoka. Dawa hii hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, dawa inabaki na kujazana katika damu. Ikizidi, kwanza goti linaacha kuruka, kisha pumzi zinapungua, mwisho moyo unasimama. Goti ni onyo la mapema, linalokupa muda wa kuchukua hatua. Ndiyo maana mpira wa mkojo na kinyundo kidogo vinatakiwa kuwa karibu na kitanda cha mama huyu (kinyundo kikikosekana, ukingo wa kiganja chako unatosha).

Na kabla hujaanza dozi ya kwanza, weka kalsiamu glukoneti kando ya kitanda: gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, hupitishwa polepole kwenye mshipa pumzi zikisimama, huku ukimsaidia kupumua kwa mfuko na barakoa. Kuikimbilia stoo wakati mama ameacha kupumua ni kuchelewa.

Kipimo kimoja kisiposimama sawa, usitoe dozi. Andika sababu, mwite daktari, pima tena. Kuiahirisha dozi kwa sababu iliyoandikwa ni uamuzi wa kitabibu, na ni wako.

4. Hesabu iandikwe kwa kalamu

Kosa la nukta moja humpa mtoto dozi mara kumi. Kwa hiyo andika hesabu kwenye karatasi, hata ile unayoiweza kichwani, na mwenzako aifanye upya bila kuona jibu lako. Akiangalia jibu lako na kutikisa kichwa tu, hajakagua.

Mtoto wa kilo 12 mwenye homa, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: 12 mara 15 ni miligramu 180. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 inakupa mililita 7.5. Lakini ipo pia yenye miligramu 250 katika mililita 5, na hapo jibu linashuka hadi mililita 3.6. Chupa zinafanana. Soma lebo kila mara, hata kama jana ulitumia ile ile.

Uzito uwe wa leo. Mtoto aliyekuja na kilo 9 akiwa amekaukiwa maji huenda leo ana kilo 9.8, na mwenye uvimbe wa utapiamlo hupungua uzito akianza kupona.

Sindano ya artesunati kwa malaria kali ina mitego miwili. Wa kwanza: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, wakati mwenye kilo 20 au zaidi, pamoja na mtu mzima, hupewa 2.4. Mdogo anapewa zaidi kwa kilo kwa sababu kwa dozi ile ya 2.4 kiwango cha dawa katika damu yake hubaki chini. Wa pili: kichupa cha miligramu 60 chenye vimiminika viwili huchanganywa kwanza na mililita 1 ya bikaboneti hadi kiwe angavu. Kwa mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi na kupata miligramu 10 katika kila mililita. Kwa msuli unaongeza mililita 2, na sasa kila mililita ina miligramu 20. Kichupa ni kile kile, ukali ni mara mbili. Ukichanganya kwa ajili ya msuli kisha ukahesabu mililita za mshipa, umempa mara mbili ya alichostahili. Andika kwenye bomba kwa kalamu: MSHIPA au MSULI. Itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Dozi hutolewa mwanzo, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi mgonjwa aweze kumeza, na zisipungue saa 24 za sindano hata akiamka na kuomba chai.

Dripu nayo: lita 1 kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Namba ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya mpira. Isome kabla hujaitupa.

5. Ampuli zinazofanana zitenganishwe leo

Potasiamu kloridi iliyokolea hufanana sana na maji ya sindano, na ikipitishwa moja kwa moja kwenye mshipa husimamisha moyo. Isikae kwenye trei moja na maji, na pale inapowezekana isikae wodini kabisa. Inapotumika, hutiwa kwenye chupa ya dripu na chupa hupinduliwa mara kadhaa. Usipoipindua, potasiamu hutuama chini kama sukari isiyokorogwa kwenye chai, na mgonjwa hupokea yote mwanzoni.

Nyingine ni asidi ya traneksamiki, ile ya kuzuia damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya ampuli zake kuchanganywa na za bupivakeini, dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Ikichomwa mgongoni hudhuru mishipa ya fahamu na huweza kuua. Ukiwa na funguo za kabati la chumba cha upasuaji au cha kujifungulia, nenda kaziweke rafu tofauti. Usisubiri kikao.

6. Damu ya mzazi ipimwe

Macho yetu hayajui kukadiria damu. Iliyonyonywa na kanga haionekani, iliyotiririka sakafuni imekwisha kudekiwa, na mama kijana mwenye mwili imara hubaki na presha nzuri mpaka ghafla hana.

Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Katika kundi moja la hospitali hizo, wakunga walitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaowekwa chini ya mama, wenye alama ya mililita 300 na ya 500, na matibabu yote yakaanzishwa kwa pamoja badala ya kungoja moja lishindwe ndipo lije jingine: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, kumkagua mama na kuita msaada. Idadi ya waliopata matokeo mabaya zaidi, yaani kupoteza damu lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu ya damu au kufariki kwa kutokwa damu, ilipungua kwa asilimia 60. Ugunduzi wa kutokwa damu kupita kiasi ulikuwa asilimia 93 kwenye hospitali zilizofuata utaratibu huo mpya, na asilimia 51 kwenye zile zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Dawa zenyewe zilikuwa zinafahamika tangu zamani. Kilichoongezwa ni kipimo, na mkunga kuruhusiwa kuanza bila kusubiri.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linatuhusu kwa karibu kabisa: sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwa wakunga wa kwetu.

Huna mfuko huo? Pima pedi kwenye mizani ikiwa kavu, kisha ikiwa imelowa. Kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja ya damu. Na asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, itolewe ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Kila robo saa inayopita inapunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Oksitosini nayo inahitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mara kwa mara, fuatilia joto la friji kama unavyofanya kwa chanjo. Ampuli iliyokaa juani dirishani wiki nzima bado ina lebo nzuri, na huenda nguvu yake imekwisha.

7. Insulini na sahani ya chakula

Katika hospitali zetu nyingi chakula hutoka nyumbani. Ndugu akikwama kwenye foleni ya magari, insulini ya kufanya kazi haraka uliyokwisha kuchoma haimsubiri. Pima sukari, hakikisha chakula kipo kitandani na mgonjwa ana hamu ya kula, ndipo uchome. Kama anatapika, au amezuiwa kula kwa ajili ya upasuaji, mpigie daktari kwanza.

Mwezi wa Ramadhani uliza waziwazi kama mgonjwa amefunga. Wengine hufunga kimya kimya kwa kuogopa kukatazwa, huku dozi ya asubuhi ikiendelea kama kawaida. Uliza kwa heshima, na daktari ashirikishwe mapema kupanga upya dawa na futari.

Andika neno "yuniti" lote. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka baada ya 10 husomeka sifuri, na yuniti 10 zinakuwa 100. Tumia bomba la insulini tu. Katika kichupa cha yuniti 100 kwa mililita, yuniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita, kiasi ambacho bomba la kawaida haliwezi kukipima kwa usalama.

Akitoka jasho, akitetemeka, akiongea mambo yasiyoeleweka au akiwa mkali ghafla, pima sukari kabla ya kufikiria jambo jingine lolote. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita kwa mtu mzima, mpe sukari anywe kama ana fahamu. Asiye na fahamu asipewe kitu mdomoni, apate dekstrosi kwenye mshipa. Ukumbuke pia kwamba anayetumia propranololi huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio. Jasho litabaki kukuambia.

8. Dawa zinazogombana, na zile ambazo hajakutajia

Baadhi ya magomvi ni ya kila siku kwetu, na ni vyema yakae kichwani:

Dolutegraviri, iliyomo ndani ya kidonge cha VVU cha mara moja kwa siku, haifyonzwi vizuri ikikutana tumboni na vidonge vya kuongeza damu au vya kalsiamu. Mjamzito anayetumia vyote anaweza kuvimeza pamoja na chakula. Bila chakula, dolutegraviri itangulie kwa saa mbili au ije saa sita baadaye.

Akianza dawa za TB zenye rifampisini, dolutegraviri huhitajika mara mbili kwa siku badala ya moja. Rifampisini hiyo hiyo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, kwa hiyo mama mwenye kijiti aambiwe leo. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi namna hiyo.

Seftriaksoni haichanganywi na dripu ya Ringa, kwa sababu ya kalsiamu iliyomo. Kwa kichanga anayepewa kalsiamu kwenye mshipa, haitolewi kabisa.

Kisha kuna ambazo hazimo kwenye chati. "Nyumbani mlianza na dawa gani, mama?" Uliza bila kukunja uso, kwa sababu uso wako ndio utakaoamua kama utaambiwa ukweli. Ipo mitishamba inayotumika kuongeza uchungu, na mama aliyeinywa akiongezewa oksitosini yuko katika hatari ya kupasuka mfuko wa uzazi. Wapo waliokwisha kumeza dawa za maumivu za dukani siku tatu mfululizo, na figo zao zinakwenda kupokea gentamisini. Uliza pia kuhusu dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24.

9. Sindano ya kwanza, usiondoke

Antibiotiki ya kwanza maishani mwa mgonjwa, au ya kwanza baada ya miaka mingi, itolewe huku ukijua adrenalini ipo wapi na ukiwa umeangalia tarehe yake ya mwisho. Uliza kuhusu mzio. Kaa karibu naye dakika chache za mwanzo, kisha pita tena kabla ya nusu saa. Akivimba midomo, akikorota kifuani, akiishiwa nguvu: adrenalini ya nusu miligramu kwa mtu mzima, yaani nusu ya ampuli ya mililita 1 ya moja kwa elfu, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kisha mlaze na uite wenzako.

10. Ukimpigia daktari saa nane usiku

Andika mambo manne kwenye karatasi kabla ya kushika simu: kinachotokea sasa, historia fupi, wewe unafikiri ni nini, na unataka nini. Hili la mwisho ndilo tunaloliona aibu kulisema. Liseme.

"Daktari, habari za usiku. Ni nesi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha sita alifanyiwa upasuaji saa kumi jioni. Presha ilikuwa 120 kwa 70, sasa ni 90 kwa 50, mapigo 128, pedi mbili zimelowa ndani ya nusu saa, mfuko wa uzazi ni laini. Nafikiri anavuja damu. Nimeukanda, nimefungua dripu, nimempa oksitosini na traneksamiki. Naomba uje sasa hivi."

Ukiona dozi inayokutia shaka, itifaki ya heshima haikuzuii kuuliza: "Daktari, nisaidie. Huyu mtoto ana kilo 8. Kwa miligramu 7.5 kwa kilo napata gentamisini miligramu 60, hapa nasoma 600. Tuangalie pamoja?" Daktari mzuri atashukuru. Asiyeshukuru naye atakuwa ameangalia tena, na mtoto amepona.

11. Anayepanga dawa asisemeshwe

Katika hospitali mbili za Sydney, Australia, Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 wakitoa dawa, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona: kila mara muuguzi alipokatizwa, makosa yaliongezeka kwa takriban asilimia 12. Kwetu tunakatizwa na simu, na ndugu anayeuliza mlango wa kutokea, na mwenzetu anayetafuta funguo. Kubalianeni zamuni kwamba anayepanga dawa haitwi isipokuwa kwa dharura. Ukikatizwa, anza upya tangu kusoma lebo.

12. Dawa ikidhuru, iandikwe

Mwambie mgonjwa, mwambie daktari, mhudumie, kisha jaza taarifa. Tanzania madhara ya dawa hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Viongozi wa wodi wana deni hapa. Wodi inayomgombeza anayetoa taarifa itaacha kupata taarifa, na ampuli zile mbili zinazofanana zitaendelea kukaa kwenye trei moja.

13. Kabla hajaruhusiwa, mwache akufundishe wewe

Mama anapewa dawa mseto ya malaria ya mtoto, anaitikia, anaondoka. Amesikia "mara mbili kwa siku", wakati dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu ziishe, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kwa hiyo mwombe: "Mama, nionyeshe utakavyompa leo jioni." Akikosea, eleza upya na umwombe aonyeshe tena. Chora jua na mwezi kwenye boksi kwa asiyesoma.

Mtoto aliyepata artesunati ana kazi moja zaidi. Wiki moja hadi nne baadaye, wagonjwa wachache chembe zao nyekundu za damu huvunjika. Mama aambiwe arudi haraka akiona viganja vyeupe, macho ya njano au mkojo mweusi, na apewe tarehe ya kuja kupimwa damu hata kama mtoto anacheza. Tarehe hiyo iandike kwenye kadi kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya simu ya wodi.